Lita Elfu Nne Mia Tatu na Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Mimi mtu wa bahati, tena ile ya kuzaliwa nayo. Nani mwingine katika Kamati ya Amani ana shemeji ndani ya kiwanda cha mabomu? Wenzangu wana vipeperushi tu. Mimi nina mume wa dada yangu, fundi wa tanuri, zamu ya asubuhi. Nimemwambia mwalimu mstaafu, katibu wetu, kwamba tutawaonyesha watu jinsi bomu linavyotuchoma sisi kabla halijamfikia adui. Mvua imegoma mwaka wa pili, bomba la mtaa linatoa upepo, na moshi wa kiwanda kile haujui sikukuu. Mwalimu akasema hoja nzuri, ila haina takwimu. Takwimu niachie mimi, nikamwambia.

Jumatano, 5 Machi
Kwa dada. Shemeji anaosha miguu kwenye beseni, maji yaliyokwisha kumwogesha mtoto. Nikambembeleza. Akakataa. Eti mdomo wangu hauna breki. Nikamwuliza kama anataka wanawe wanywe vumbi. Akayatazama yale maji. Kisha akanitajia: jana, zamu yake, tanuri lilikunywa lita 4,312 za dizeli. Akaniapisha mara mbili nisimtaje. Nikaapa mara tatu, mimi si mchoyo.

Ijumaa, 7 Machi
Ugomvi na mwalimu. Anataka niandike "maelfu ya lita". Anasema yanatosha na hayamwumizi mtu. Maelfu! Miaka kumi na tisa nachora mabango ya vinyozi na maduka ya dawa. Nani anamfuata kinyozi aliyeandika "bei ndogo"? Nikamwambia abaki na chaki zake. Nimeandika 4,312 kwa rangi nyekundu, kila tarakimu urefu wa mkono. Chini yake: JUMANNE, ZAMU YA ASUBUHI. Shemeji sikumtaja. Kiapo ni kiapo.

Jumamosi, 8 Machi
Tumesimama langoni, watu kumi na mmoja na mbwa. Bango langu limewafunika wote. Meneja katoka mwenyewe, kalisoma taratibu, kalinakili kwenye daftari. Nikamnong'oneza mwalimu kwamba tumemgusa. Mwalimu alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa. Nikadhani jua.

Jumanne, 11 Machi
Shemeji alichukuliwa jana kazini, hajarudi. Kumbe kipimo cha mafuta husomwa na mtu mmoja tu kila zamu, na anatia sahihi. Dada amekuja kuniambia. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Kituoni wanasema kavujisha siri za jeshi, hawapokei hata shati lake safi. Nikamwambia jina lake sikulitaja. Akanitazama kama anatazama ukuta. "Kaka, uliandika siku," akasema. "Uliandika na zamu." Akaondoka.

Ijumaa, 14 Machi
Shemeji bado yumo ndani. Dada hanifungulii. Nilimwachia ndoo mbili za maji mlangoni. Niliporudi, zote zilikuwa zimemwagwa, na mtaani maji yenyewe hakuna. Mwalimu kajiuzulu. Lakini harakati hazisimami. Nimempata dereva anayebeba makasha ya kiwanda, baba wa watoto watatu, mtu mwoga lakini mwema. Kanitajia safari za juzi, saa, na lori. Huyu nimemwapia mara nne. Bango limeshakauka. Namba ya gari imetoka vizuri sana.