Gesare Alisema Alinipenda

Jumatatu, 10 Juni 1996. Migori

Barua kutoka Homa Bay imefika. Nilimwomba Dolphine, binamu yake Gesare, amuulize Gesare kama ananipenda, kisha aniandikie jibu kwa Kiingereza. Kiingereza, ili jirani yangu mwalimu Mayaka ajue kwamba hata fundi saa hupokea barua za aina hiyo. Nimeifungua mbele yake makusudi. Imeandikwa: "Gesare said that she loved you and wanted to marry you."

Loved. Wanted. Wakati uliopita, vyote viwili. Alinipenda, alitaka nimuoe. Sasa hapendi, hataki. Nimemwambia Mayaka ni habari njema. Nimefunga kibanda saa nane mchana.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata mpango. Siachwi mimi, naacha. Nimemwandikia Gesare mwenyewe, mstari mmoja: "I loved you too." Yaani nami nilikupenda, nikamaliza. Dereva wa matatu ya Homa Bay ameondoka nayo. Nimejisikia mwanamume kamili kwa muda wa saa moja hivi.

Alhamisi, 13 Juni

Mayaka ameleta saa yake. Nikamuuliza kuhusu hiyo "loved", kwa niaba ya rafiki. Akatoa chaki mfukoni, akaandika kwenye mlango wa kibanda changu. Kasema huo ni usemi wa taarifa. Kitenzi cha nje kikiwa "said", yaani alisema, cha ndani hurudi nyuma hatua moja. Msichana alitamka "love". Aliyeripoti akaandika "loved" kwa sababu sarufi inataka hivyo. Mapenzi yenyewe hayajaenda popote. Kisha akauliza rafiki yangu alijibu nini. Nikamwambia saa yake itakuwa tayari Jumatatu.

Barua yangu haikuwa na "said" hata moja.

Ijumaa, 14 Juni. Homa Bay

Nimekuja kuiwahi barua. Sikuiwahi. Gesare alikuwa nayo dukani kwa baba yake, kando ya vitambaa, imekunjwa mara nne. Macho mekundu. Nikamweleza sheria. Nikasema moyo wangu ndio uliosema, mimi niliripoti tu, ndiyo maana kitenzi kikarudi nyuma. Nilieleza mpaka wateja wawili wakaondoka. Akaweka makasi chini.

"Cephas, unanipenda ama ulinipenda? Sema kwa Kiswahili."

"Nakupenda."

"Basi. Hiyo nimeelewa."

Akanigeuzia mgongo, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Kasema nimwandikie baba yake, mzee Nyarangi, nijitambulishe na kuomba siku ya kuja na wazee wangu. Akasisitiza niandike kwa Kiswahili, kifupi, bila sheria yoyote. Nimekubali yote. Nimerudi Migori nikiimba.

Jumapili, 16 Juni. Migori

Nimemwandikia mzee. Kwa Kiingereza, kurasa mbili. Mkwe hawezi kupata barua ya kwanza inayoonekana ya mtu wa darasa la pili. Safari hii nimekuwa makini. Nimeanza na "I said", kisha kila kitenzi nikakirudisha nyuma hatua moja: kwamba nilikuwa naitwa Cephas Mochama, nilikuwa na kazi, nilikuwa na afya njema, nilikuwa na ng'ombe sita, na nilikuwa nampenda binti yake. Sarufi safi. Mayaka mwenyewe hapati pa kuweka wino mwekundu.

Dereva ameondoka nayo saa nne. Kesho naenda kupimwa suti.