Mkorosho Wangu Lazima Uchorwe

Jumatatu, 8 Julai 2024
Leo Lisekese kaingia binti kwa bodaboda, anaitwa Witness. Mchoraji wa watafiti wa korosho. Nikafuta majani ya mkorosho wangu kwa kanga mbichi. Yakang'aa! Akapita kama hajaona, akaenda kwa jirani yangu Pili, Mama Awadhi, mwanamke asiyefagia hata uani. Mkorosho wa Pili una ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua. Eti ndio anaoutaka! Mchoro utabandikwa ghalani Masasi ili wakulima waujue ugonjwa. Mkorosho wangu aliupanda marehemu mume wangu Bernard. Usipobandikwa huo, ubandikwe upi?

Jumanne, 9 Julai
Nimemuuliza Witness kwa nini asipige picha kwa simu akaondoka zake. Akasema picha inabeba jani, vumbi na kuku wa Pili. Mchoro unabeba kile tu mkulima anachotakiwa kukiona. Jibu zuri. Na shikamoo yake anapiga goti. Inaniuma anakaa kwa Pili.
Nimechekecha unga wa muhogo. Kesho na mkorosho wangu utaumwa.

Jumatano, 10 Julai
Nikapanda kigoda alfajiri, nikanyunyiza. Umande! Unga ukawa uji. Mbuzi wa Pili akaja kulamba. Nikafukuza mbuzi, nikaongeza unga, nikamwita Witness kwa uso wa msiba. Akatoa lenzi. Akatazama. Akanusa. Akaonja! Akaniuliza kwa upole, bibi, huu umetwanga au umesagisha mashine? Nikamwambia ugonjwa hauonjwi, mtoto wewe. Pili alicheka mpaka akashika mti.
Witness akapangusa unga, akasogeza lenzi tena. Chipukizi lina makovu meusi. Nimeyaona tangu mwezi uliopita, nikasema ni jicho la husuda la Pili. Akafungua daftari lake: mdudu mwembamba kachorwa mkubwa kama kiganja, pembeni kamstari kafupi ka ukubwa wake halisi. Nikamjua palepale! Kila asubuhi namfukuza kwa kanga. Kumbe ndiye mbu wa mikorosho, anafyonza machipukizi mpaka yanakauka. Semina tatu nimekaa, zote nimesinzia. Mchoro mmoja umenifungua macho. Sikumwambia.
Akaomba kulichora chipukizi langu. Nikakataa kwanza, kwa heshima. Kama nusu dakika.

Ijumaa, 2 Agosti
Nimekwenda ghalani na kitenge kipya. Tumebandikwa! Wa Pili juu, wangu chini, ila wangu mkubwa zaidi. Nimepima kwa shubiri. Pili akatangazia watu kuwa mkorosho wangu ni mgonjwa. Nikamwambia, Mama Awadhi, hata wako, tena umechorwa mdogo. Mzee Silvesta wa Chidya alisimama mbele ya mdudu wangu, kachorwa juu ya chipukizi, akampigapiga kwa kidole, akasema kumbe ni wewe, mwizi! Akaenda moja kwa moja kuulizia dawa. Nikasimama pale mpaka jua kali, nikiwaonyesha wapita njia chipukizi ni la nani. Roho yangu kwatu.

Jumamosi, 3 Agosti
Nimepiga dawa mkorosho. Bernard angefurahi.
Nasikia Witness anarudi mwezi ujao kuchora batobato, yale madoa ya njano kwenye majani ya muhogo. Nimezunguka shamba zima. Muhogo wangu mzima kabisa, hata doa moja. Aibu gani hii!
Nimenunua manjano pakiti mbili. Nitayakoroga na mafuta ya kula. Safari hii umande hautanipata.