Mstari wa Tano, Nyumba ya Nyalukemba

Jumatatu, 2 Oktoba 1989

Yule Mbelgiji wa kilimo amerudi kwao. Nyumba ya ofisi aliyokaa, kule Nyalukemba, imebaki tupu. Nilipita mbele yake nikitoka kazini, ingawa si njia yangu. Barza yake ya mbele, mahali pa kupunga upepo, inatazama ziwa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na ng'ambo Rwanda ilikuwa kama kitu ambacho mtu alianza kuchora akaacha. Nilijiona nimekaa pale, miguu juu ya kiti kingine, kahawa mkononi. Nikamwagiza mlinzi apunguze majani ya ua. Aliniuliza mimi ni nani. Swali la kweli.

Mkurugenzi wetu, Citoyen Philémon (siku hizi sote ni citoyen, wananchi), amesema sisi saba wa ofisi ya chai hatutaigombania nyumba hiyo. Kompyuta itachagua. Itaweka namba ya kubahatisha mbele ya kila jina, na namba kubwa kuliko zote inachukua ufunguo. Mashini haina ndugu, alisema, haina kabila, haipokei mbuzi. Mwenye kuiendesha mashini ni mimi, Kasongo. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Zabibu, mke wangu, hakujali ziwa. Aliuliza kama ukuta wa nyumba hiyo una ufa. Wetu hapa Kadutu unao, nyuma ya kitanda, na kila mvua unapanuka. Ameuziba kwa kitenge cha zamani. Binti yetu Nyota analala upande huohuo. "Papa Nyota," alisema, "hii mulima iko inatembea. Siku moja itatukuta mu kitanda."

Jumanne, 3 Oktoba

Ugunduzi. Nimewasha mashini, nikafungua jedwali, namba zikatokea. Kubwa zaidi: mstari wa tano. Nikazima, nikawasha upya. Namba zilezile, mahali palepale. Nikarudia baada ya chai. Mstari wa tano.

Kumbe kompyuta inabahatisha kama mwalimu mvivu anayetoa imla ileile kila mwaka. Inaamka na ndoto moja tu, na ndoto hiyo ninaijua mimi peke yangu.

Tatizo: majina yamepangwa kwa miaka ya kazi, na wa tano ni Bisimwa, mhasibu. Bisimwa ana nyumba ya matofali. Ana hata kuku wa mayai.

Jumatano, 4 Oktoba

Nilimweleza Mkurugenzi kwamba kupanga watu kwa miaka ya kazi kunavunja moyo. Tufuate alfabeti, kama shuleni. Bisimwa, Colette, Colombe, Jeanine, Kasongo. Wa tano! Sikudanganya mtu. Alfabeti yenyewe imenipenda.

Bisimwa alikubali upesi kwa sababu amekuwa wa kwanza. Alisema hata kwa karatasi ninabaki nyuma yake. Nilimhurumia. Mchana wote tarakimu za kijani zilielea kwenye kioo kama taa za wavuvi wa dagaa wa sambaza ziwani usiku, nami nikaelea nazo. Colombe wa mapokezi aliniamsha, akasema nilikuwa ninampangia mtu asiyeonekana mahali pa kuweka maua.

Ijumaa, 6 Oktoba

Wote saba mbele ya mashini. Colette amevaa kama wa harusi. Nikawasha, nikafungua jedwali. Mstari wa tano. Mimi.

Walipiga makofi. Bisimwa alinipa mkono baridi. Ziwa lilikuwa tayari linaingia dirishani.

Ndipo Mkurugenzi aliposema karatasi isiyo na tarehe si karatasi ya ofisi. Niandike tarehe pale juu, kisha nichape. Kitu kidogo. Nikaandika tarehe, nikabonyeza, namba zote zikaruka. Aliyeongoza sasa ni Xavier, dereva. Xavier alipiga magoti na kumshukuru Mungu.

Nilieleza kwamba mashini imekohoa. Nikabonyeza tena, ikampa Jeanine. Sikujua kwamba ukiandika chochote popote, inabahatisha upya kila mahali. Bisimwa akauliza kwa nini kidole kiwe cha Kasongo tu. Mkurugenzi aliona ni haki kila mtu abonyeze, na kwa kuwa hakuna anayemnyima mwenzake zamu, walijipanga mstari kama wa kumwagiana maji ya kunawa kabla ya chakula. Nyumba ilizunguka chumbani, mkono kwa mkono. Colombe alishinda mara mbili, akasema, "Basi, mimi nachukua vyumba vya chini na vya juu." Léopold, tarishi, ndiye pekee ambaye haikumpenda, akadai arudie mpaka impende.

Mkurugenzi alizima mashini kwa mkono wake. "Hii iko na ndugu wengi kuliko mimi," alisema. Akamvua Xavier kasketi, ile kofia yake ya udereva, akaandika majina kwenye vipande saba vya karatasi. Akachomoa kimoja. Bisimwa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mvua. Zabibu amehamisha kitanda.

Jumapili, 8 Oktoba

Léopold amekuja na habari. Martine, mke wa Bisimwa, hataki upepo wa ziwa. Kuku wataacha kutaga. Ufunguo umerudishwa. Kesho kutwa Mkurugenzi atachomoa tena, kwa kasketi.

Sasa nimeelewa. Kosa lilikuwa mashini. Kasketi haina tarehe. Nimeazima kofia ya jirani na nimefanya mazoezi ya kuchomoa tangu mchana, macho nimefumba, nikisikiliza maji yakigonga barza yangu. Kila nikichomoa, linatoka jina langu. Kila mara.

Zabibu aliuliza vipande vingine vimeandikwa majina ya nani. Nikamjibu hakuna vingine. Siwezi kuwaandika washindani wangu kwa mkono wangu mwenyewe.