Blanketi la Ntate Limeondoka na Basi

Jumatatu, 6 Mei

Tlotliso katema uji juu ya daftari hili sasa hivi, halafu akacheka. Meno mawili tu, dharau yote hiyo! Nimefuta. Kipenzi changu.

Habari mbaya. Mama mkwe kasema mwezi ukiisha sina kazi, niende Maseru kushona jinzi kiwandani, mtoto abaki naye. Eti wenzangu wote wamekwenda. Mimi siendi! Wageni wanatoka mbali kuja kutazama bwawa letu la Katse. Nitawaonyesha mimi, wanilipe.

Jumanne, 7 Mei

Kilimani pa kutazamia, Tlotliso mgongoni. Nimewatajia wageni urefu wa ukuta wa bwawa. Nilibahatisha. Mmoja akanionyesha kibao nyuma yangu, kimeandikwa urefu mwingine kabisa. Mama Lineo, anayepandisha wageni farasi wake, akauliza mbele za watu kama ukuta umenywea tangu jana. Akacheka mpaka farasi akashtuka. Mshenzi!

Lakini nimeona jambo. Wageni wanatetemeka kwa baridi.

Jumatano, 8 Mei

Mpango! Blanketi la sherehe la baba mkwe, Ntate wetu, linalala tu sandukuni, na Ntate mwenyewe yuko mlimani na ng'ombe. Nimelichukua. Mgeni ajifunike, apigwe picha na ukuta, anilipe.

Wa kwanza, mzee mnene, mpole. Nikambana pini kifuani, kama ninavyojifunga mwenyewe. Mama Lineo akapiga yowe: nimemvika baba wa watu kama bibi harusi! Mwanamume hufungwa begani, sikufunzwa kwetu? Nikamgeukia nimjibu. Nikamjibu vizuri sana. Nilipomaliza, basi limeondoka. Na mzee. Na blanketi.

Mungu wangu.

Jumamosi, 11 Mei

Ntate karudi, kaitwa barazani kwa chifu. Kafungua sanduku. Nikasema panya. Akauliza ni panya gani huyo anayekula blanketi na pini yake. Nikakiri yote.

Kaenda na blanketi langu, la rangi ya waridi. Mama Lineo anatangazia kijiji kizima kwamba chifu alimkaribisha Ntate akae upande wa akina mama.

Jumapili, 12 Mei

Nimelia tangu alfajiri, nikafunga nguo za kwenda Maseru. Ntate akaniita. Hukumu: sitoki Katse mpaka blanketi lirudi! Kila siku nikae kilimani, nichungulie kila basi. Mama mkwe akanuna, akauliza na mtoto je. Ntate akamuuliza nani atamnyonyesha, yeye? Mtoto aende na mama yake.

Ee Mungu, yule mzee asirudi kamwe!

Nimekoma lakini. Kweli nimekoma. Kosa langu lilikuwa moja tu: sikushika rehani. Kesho nashika kiatu cha mgeni, kimoja. Nani atapanda basi na kiatu kimoja? Na sandukuni kulibaki blanketi la harusi la mama mkwe, jipya kabisa. Nimeshalitoa, hata Tlotliso kalipenda, kalilalia humu mgongoni mwangu na wala hakuna aliyeo

Mama mkwe anaita. Anauliza nani kafungua sandu