Kuhusu Wanunuzi Mnaotutafutia Kila Jumatatu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Biashara,

Salamu, na pole kwa kazi ya kubuni. Mimi ni mtengeneza programu katika kitengo cha zana, zile ambazo watengenezaji wenzetu huandikia na kusahihishia programu zao. Ndicho kitengo ambacho gazeti lako hukiuza kwa tetesi kila Jumatatu kabla wenye kampuni hawajaamka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulipodokeza kwamba benki inatutaka, mkuu wetu aliamuru zana zote zigeuzwe rangi ya kijani ya benki hiyo. Wiki iliyofuata ukasema ni kampuni ya simu, tukazigeuza nyekundu. Wateja wanalia macho yanawauma. Wewe umelala usingizi wa pono.

2. "Chanzo chako cha kuaminika" kikasema mnunuzi atakuja kimyakimya. Akaingia fundi wa viyoyozi na ngazi yake, tukampigia makofi na kumkalisha kwenye kiti cha mkuu. Alisikiliza mipango yetu yote, akashauri makarani wawili wapunguzwe. Wamepunguzwa. Viyoyozi bado vinavuja.

3. Sasa unaandika kuwa kiwanda cha saruji "kinatajwatajwa". Kinatajwa na nani kama si wewe? Saruji na programu wapi na wapi? Mkuu ametugawia kofia ngumu, na barua hii naiandika nikiwa nimevaa yangu. Mke wangu anafungasha vyombo kwa kuwa kiwanda kiko mbali. Mama mkwe ameshampata mpangaji wa nyumba yetu, na mpangaji ameshakuja kupima madirisha.

Kwa heshima na taadhima, nakuomba ukome. Tuna watoto wa kusomesha. Hatuwezi kuishi roho mkononi eti kwa sababu una nafasi tupu chini ya tangazo la matairi.

Nisalimie wachapaji, mchora katuni, na huyo chanzo chako, kama ana mwili.

Wako aliyechoka kuuzwa,
Mtengeneza Programu, Ghorofa ya Tatu

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, gazeti la leo limefika, na hamkututaja popote. Mkuu anasema hajawahi kujitokeza mnunuzi hata mmoja. Wenye kampuni walikuwa wakituacha tuendelee na kazi kwa sababu ya habari zako tu, wakitumaini mnunuzi atakuja. Wakiona gazeti limenyamaza, wanakifunga kitengo mwisho wa mwezi. Mhariri, ndugu yangu, andika kwamba yeyote anatutaka. Shemeji yangu anauza magodoro na amekubali kutajwa. Picha yake nimeiambatanisha.