Kadi Yenye Feni Tatu

Kuna watu huamka asubuhi kutafuta kazi, na kuna Sabuni, ambaye huamka kutafuta mtu. Siku hiyo alimpata mapema, dukani kwa fundi wa kompyuta, yeye Sabuni akiwa ameegemea kaunta na kujifanya anachagua waya.

Mtu mwenyewe alikuwa mama mmoja wa miwani minene, mkunga mstaafu, aliyekuwa akibishana na fundi.

"Nataka kadi kubwa ya picha, ile inayolainisha gemu! Jumapili nashindana na kaka yangu kwenye gemu la magari. Gari lake linateleza, langu linakwamakwama. Miaka miwili ananicheka!"

"Mama, kwa mashine kuukuu kama ile, kadi ndogo inatosha," fundi alisema. "Kubwa haitaingia, na ikiingia, umeme hautatosha."

Mama akasonya, akafunga mkoba. Lakini kabla haujafungika, Sabuni aliona bahasha ya kaki iliyotuna vizuri. Alimfuata nje.

"Shikamoo mama. Yule anakubania tu. Mimi ninayo kubwa, feni tatu, taa za rangi zote. Nakufungia nyumbani kwako."

"Marahaba mwanangu. Bei je?"

"Ukiridhika utanipa hiyo bahasha, yatosha. Mimi sihesabu pesa mbele ya mkubwa."

Adabu nzuri sana hiyo, na tutairudia.

Feni za ile kadi zilikuwa za kweli, na taa pia. Ndani ndipo palipokuwa na kadi kikongwe, iliyofundishwa na Sabuni kujitaja kwa jina la kadi mpya.

Kompyuta ya mama ilikaa chini ya meza ya sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Bahasha iliwekwa mezani, juu yake glasi ya maji. Sabuni akafungua kasha la kompyuta, akasukuma kadi. Ilizidi kwa vidole vinne.

"Kumbe fundi alisema kweli," mama alihuzunika, mkono ukielekea kwenye bahasha.

"Ngoja, mama!"

Sabuni alikimbia kwake, akarudi na kasha la kompyuta yake mwenyewe. Ieleweke kwamba kompyuta hiyo ndiyo ilikuwa shamba lake: vyeti vyake vyote, mihuri yake yote na kadi zake zote za picha zinazodanganya umri zilizaliwa humo.

Kadi ikaingia. Mashine ikawaka, ikazimika. Umeme haukutosha. Mkono wa mama ukaenda tena kwenye bahasha, na Sabuni akaenda tena kwake kuleta kisanduku chake cha umeme. Ikawaka, lakini gari la kwenye gemu lilijikokota kama linasukumwa.

"Labda bodi nayo imezeeka," mama alisema kwa upole, akiiondoa ile glasi.

Sabuni akaleta bodi, prosesa na memori. Kila alipopanda ngazi za kwa mama, jasho likimtiririka, alijiambia kwamba kesho atakuja na kisingizio cha ukaguzi, avibebe vyote. Gari bado likakwama.

"Mwanangu, nimezalisha watoto wengi, najua kusubiri," mama alisema, akirudisha bahasha mkobani. "Lakini huyu leo hatoki."

Sabuni alishindwa kuvumilia. Alileta kadi yake halisi, aliyoipenda kuliko ndugu zake, akaifunga. Gari likateleza. Mama akapiga kigelegele.

"Nimeridhika! Sasa niandikie risiti ya vyote, kimoja kimoja, nisije nikaitwa mwizi."

Sabuni alitoa kitabu chake cha risiti. Kila ukurasa alikuwa ameuchapisha mwenyewe, kwa ajili ya wateja wakorofi: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Akaorodhesha, akasaini, akapewa bahasha, pamoja na gunia lenye mashine kuukuu na ile kadi ya feni tatu. "Chukua tu, vitanijazia nyumba," mama alisema.

Kwenye ngazi akafungua bahasha. Noti zilikuwa nyingi kweli, zote za thamani ndogo kupita zote. Akarudi kugonga mlango kwa ngumi mbili.

"Mama! Hizi hazifiki popote!"

"Si ulisema huhesabu mbele ya mkubwa?" sauti ilijibu kutoka ndani. "Ndiyo maana nimefunga mlango. Hesabu kwa nafasi, halafu usome risiti."

Sabuni alilibwaga gunia kwenye kaunta ya fundi, akiwa karibu kulia. Fundi akachungulia.

"Hii si mashine ya mama mkwe wangu? Pole, ndugu yangu. Mjanja wa mwaka jana alimwachia skrini. Wa mwaka juzi, meza na kiti."

"Nisaidie nirudi kazini," Sabuni alisema kwa sauti ndogo. "Hii inaweza kufaa kitu?"

Fundi alifikiri kwa uaminifu wake wote.

"Kwa mashine kuukuu kama hii, kadi ndogo inatosha," alisema. Kisha akaitazama ile bahasha ya kaki. "Na bei yake naona unayo, kamili."