Begi la Zita na Kitabu Kilichotolewa

Masama,
Jumatatu, 18 Agosti 1997.

Kwa Ndugu Eliakim,
Mwenyekiti, Kamati ya Kumsafirisha Zita.

Ndugu Mwenyekiti na shemeji yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kahawa yako imeanuliwa kabla ya manyunyu. Sisi huku hatujambo. Naandikia kwenye meza yangu ya siku zote, ambayo kwa bahati nzuri imeacha kutikisika, kwa hiyo usije ukasema mwandiko huu ni wa mtu mwenye hasira. Ni wa mtu mwenye kumbukumbu.

Mpwa wangu Zita, binti wa mdogo wako na marehemu dada yangu Bernadetha, anaondoka Alhamisi kwenda Uswidi kusomea misitu kwa miaka minne. Jana baada ya misa alinijia macho yamemvimba. Akasema, "Mjomba, kitabu cha mama hakimo begini. Kisipoonekana, mwambie baba mkubwa begi lisafiri lenyewe."

Kitabu chenyewe ni ile riwaya ambayo Bernadetha alikuwa akimsomea mtoto jikoni, ndizi zikichemka, huku akiandika pembeni kwa penseli mahali mtoto alipolala. Hakuna maandishi mengine ya mkono wake yaliyobaki. Katika begi zima, ndicho kitu pekee alichokichagua Zita mwenyewe.

Naleta malalamiko kwa namba, kwa kuwa kamati yetu haisikii kisicho na namba.

1. Tarehe 12 Julai tuliazimia kwamba kila aliyechanga ana haki ya kutia begini kitu kimoja cha kusoma badala ya chakula, ili yasitupate tena ya mwaka juzi, tulipomsafirisha Yohana na supu yake ya ndizi, mtori, ikamwagikia pasipoti yake. Nililiunga mkono azimio hilo nikidhani tunamfikiria msomaji. Kumbe tulibadilisha ndizi tu. Watu wamechagua vitabu kama wanavyochagua mkungu: ulio mzito ndio mzuri.

2. Tuangalie yaliyotiwa. Katekista Primus ametia vitabu vitatu vya nyimbo, vyote sawasawa, akisema kimoja kikilowa theluji viwili vitabaki. Mama Rahma wa Pasua ametia kalenda ya duka lake ya mwaka huu, ambao umebakiza miezi minne. Mwalimu Filemon ametia ripoti za Zita za darasa la nne. Shangazi Victoria ametia orodha ya waliohudhuria mazishi ya babu yenu, ili mtoto asisahau nani alikuja na nani hakuja. Nawe, Mwenyekiti, umetia mwongozo wa kupogoa mibuni. Huko theluji hufika kiunoni, shemeji. Pengine atapogoa theluji.

Mimi nimetia daftari moja tu la shajara yangu, la mwaka 1991, lenye hali ya hewa ya Masama siku kwa siku. Hilo ni jambo tofauti.

3. Hakuna aliyemwuliza Zita anapenda kusoma nini. Nilipolisema hilo kikaoni, Shangazi Victoria alinijibu, "Shemeji, tangu lini mgonjwa akachagua dawa?" Watu wakacheka. Katibu aliandika kwenye muhtasari kwamba wajumbe walicheka, lakini swali langu hakuliandika.

Nitalijibu mwenyewe. Mtu aendaye mbali anahitaji vitabu viwili. Kimoja ambacho hajakisoma, cha njiani. Kingine ambacho amekisoma mpaka anakijua, cha siku ile atakapofika na kukuta hakuna anayemjua. Cha kwanza atakinunua popote. Cha pili hakiuzwi, na kamati imekipoteza.

4. Kilipoteaje? Begi linapimwa kwenye mizani ya kahawa, na mwisho ni kilo ishirini. Hilo nalijua vizuri, kwa kuwa mimi ndiye mpimaji. Tarehe 9 asubuhi Zita alikitia kitabu kwa mkono wake. Tarehe 16 alipochungulia, hakikuwemo. Basi katikati hapo kuna mtu aliyekitoa ili takataka yake ipate nafasi. Mtu wa namna hiyo angeweza kumtoa mtoto mgongoni ili abebe debe. Simtaji. Nasema tu kwamba nyumba yako haiko mbali na mizani.

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

(a) Begi limwagwe mbele ya kanisa, na kila mmoja asimame asome alichokitia, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti. Atakayesinzia akisikiliza cha mwenzake atolewe katika ukoo. Atakayesinzia akisoma chake mwenyewe akiondoe begini.

(b) Kamati ivunjwe.

(c) Aliyekitoa kitabu aje na jani la isale mkononi kumwomba Zita msamaha kama ilivyo mila yetu, na Alhamisi asipande gari la kwenda uwanja wa ndege. Abaki nyumbani asome kalenda.

Nisalimie mama watoto, na Katekista, na Mama Rahma ukishuka mjini, na Shangazi Victoria pia, kwani adabu haichagui.

Ni mimi shemeji yako, mjomba wa msafiri,

Eliezeri,
Mpimaji wa Mizigo.

Nyongeza: Nilifungua shajara ya mwaka huu ili nikunakilie ushahidi. Nimekuta haya, kwa mwandiko wangu: "Jumamosi, 9 Agosti. Jua. Jioni begi limezidi gramu mia nne. Nimetoa kifurushi cha khaki kisicho na jina. Sikukifungua, kwa kuwa mzigo wa msafiri haufunguliwi. Daftari la 1991 limeingia vizuri. Kifurushi kimetosha kabisa chini ya mguu wa meza."

Nimeinama nikakivuta, nikakifungua. Ukurasa wa arobaini na moja, kwa penseli ya Bernadetha: "Hapa kaka Eliezeri alisinzia. Zita bado macho."

Isale nimeshakata mpakani mwa shamba, na naondoka sasa hivi kwa miguu kumpelekea Zita kitabu. Daftari la 1991 nitalitoa mwenyewe. Alhamisi msinihesabu garini. Kipengele (a) naomba kisifike kanisani.

Uniwie radhi kwa mwandiko wa mistari hii. Meza imeanza tena kutikisika.